Madini ni yetu, na saini ni zetu

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali za nchi, na nyingi zimeandikwa kwa uchungu. Nimezifupisha ili zienee ukurasani. Naanza na ile iliyonigusa kuliko zote.

Wakili, shikamoo. Nafundisha sekondari hapa Nachingwea, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza swali nikakosa jibu. Kilima cha Ntaka kiko wilayani kwetu, nikeli iko chini yake, na hakuna aliyechimba hata toroli moja ya kuuza. Inakuwaje Serikali ikalipa kampuni ya kigeni mamilioni ya dola kwa madini ambayo bado yamo ardhini mwetu? Sheria ya 2017 si ilisema maliasili ni mali ya Watanzania? – Mwalimu, Nachingwea

Marahaba, mwalimu, na uwasalimie sana hao vijana.

Nikeli ya Ntaka ni ya Watanzania leo kama ilivyokuwa jana, na hakuna baraza lolote la nje lililosema vinginevyo. Kilichokuwa mikononi mwa kampuni ni leseni, na leseni kisheria ni mali. Serikali ilimpa mtu karatasi inayomwambia hivi: eneo hili umelitafiti kwa fedha zako, madini umeyakuta, ila hali ya soko kwa sasa hairuhusu kuyachimba kwa faida, basi lishike kwa muda na hakuna mwingine atakayeingia. Hiyo ndiyo iliyoitwa leseni ya kuhodhi eneo, na ilikuwamo ndani ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe.

Mwaka 2017 sheria hiyo ikarekebishwa, na kanuni zilizotoka Januari 2018 zikafuta leseni zote za kuhodhi kwa mpigo. Maeneo yakarudi serikalini, na mwishoni mwa 2019 yakatangaziwa zabuni. Wenye leseni ya Ntaka Hill, yaani Indiana Resources ya Australia na wenzake, baadhi yao wakiwa kampuni zilizoandikishwa Uingereza, wakaenda Washington kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, ICSID. Mlango walioingilia ni mkataba wa kulinda wawekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilitia saini mwaka 1994. Julai 2023 wasuluhishi wakaamua kwamba Tanzania imetwaa mali bila kulipa fidia, wakaipa kampuni zaidi ya dola milioni 109, riba ikiwemo. Serikali ikaomba uamuzi ule ubatilishwe. Mwisho wa yote, Julai 2024, pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90, zilipwe kwa awamu tatu.

Na Ntaka haikuwa peke yake. Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini magharibi mwa nchi, ilipatana na Serikali kwa dola milioni 30 mwaka 2023. Montero Mining, nayo ya Kanada, ikapata dola milioni 27 mwaka 2024 kwa ajili ya Wigu Hill, mkoani Morogoro. Waambie wanafunzi wajumlishe: milioni 147, na zote chanzo chake ni kufutwa kule kwa leseni za kuhodhi.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Sababu ya Serikali ilikuwa ya kweli kabisa. Kulikuwa na maeneo yamekaliwa miaka nenda rudi, mwenye leseni akiyatumia kutafuta mitaji kwenye masoko ya hisa ya ng'ambo huku wananchi wanaozunguka eneo hawaoni barabara wala ajira. Nchi yoyote yenye kujitambua ina haki ya kusema basi, imetosha. Mimi mwenyewe nilitaka zikome.

Kasoro iko katika namna tulivyozikomesha. Mwanasheria anayeandika kanuni ya kufuta kitu ana kazi moja ngumu kuliko nyingine zote, nayo ni kuandika kifungu cha mpito, yaani ile aya inayosema nini kitawapata watu ambao tayari wana karatasi halali mkononi. Ni aya fupi. Mara nyingi inakaa mwishoni kabisa, ambako msomaji amekwisha kuchoka. Leseni ya Ntaka Hill ilitolewa mwaka 2015, na leseni za namna hiyo hazikuzidi miaka mitano kabla ya mwenyewe kuomba kuongezewa. Kanuni za 2018 zingeweza kusema kwamba kuanzia leo hakuna leseni mpya ya kuhodhi, na zilizopo ziishe muda wake bila kuongezwa. Tungesubiri kama miaka miwili. Kilima hakikuwa na pa kwenda. Kampuni ingeweza bado kulalamika kwamba ilikuwa na haki ya kuongezewa muda, lakini dai lake lingekuwa jembamba sana, na sisi tungesimama mbele ya wasuluhishi tukiwa na notisi, barua na kumbukumbu za vikao vya kuwaonyesha.

Kuhusu ile sheria ya 2017 uliyoitaja, yaani Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, wanafunzi wako wana haki ya kuiamini. Inachosema ni kweli. Ila waelezwe pia kwamba mamlaka ya kudumu ya taifa juu ya maliasili yake yalitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1962, katika Azimio namba 1803, na azimio hilohilo linasema taifa likitwaa mali kwa manufaa ya umma litalipa fidia inayostahili. Haki na deni viliandikwa pamoja. Katiba yetu nayo, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia. Somesha ibara hiyo darasani, mwalimu. Ni fupi na Kiswahili chake ni chepesi.

Wakili, mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, Dodoma. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Nchi kinataka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vya hapa nchini kwa sheria zetu. Kwa nini bado tunaburuzwa Washington? Bolivia, Ecuador na Venezuela walijitoa ICSID. Kwa nini nasi tusijitoe? – Mwanafunzi, Dodoma

Nimefurahi kwamba umefungua kifungu chenyewe, maana wengi wanaobishana juu ya sheria ile hawajaisoma. Lakini kifungu cha 11 kinamfunga jaji wa hapa, na kinamfunga mtu anayetia saini mkataba na Serikali baada ya sheria kuanza kutumika. Hakifuti ahadi ambayo Jamhuri ya Muungano ilikwisha kuipa nchi nyingine. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ibara ya 27, uko wazi: nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama kisingizio cha kutotekeleza mkataba wa kimataifa. Ndiyo maana hoja ya kifungu cha 11 haifui dafu mbele ya wasuluhishi, hata ikipangwa vizuri namna gani.

Kuhusu kujitoa, tazama waliotangulia. Bolivia ilitoa notisi mwaka 2007, Ecuador mwaka 2009, Venezuela mwaka 2012. Notisi huanza kufanya kazi baada ya miezi sita, na ridhaa iliyotolewa kabla ya hapo haifutiki. Kesi dhidi ya Venezuela ziliendelea kuamuliwa miaka mingi baada ya kuondoka kwake. Ecuador ilirejea uanachama mwaka 2021. Isitoshe, ICSID ni ukumbi tu, na mikataba mingi inampa mwekezaji kumbi zaidi ya moja za kuchagua. Ukifunga mmoja, atagonga kwa jirani.

Chanzo chenyewe ni mikataba ya nchi na nchi, na hapo ndipo nakuomba uweke nguvu zako. Chukua ule wa Uholanzi. Tanzania iliukomesha, na ukomo wake ulianza tarehe 1 Aprili 2019. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Fungua ukurasa wa mwisho uone: uwekezaji uliofanyika kabla ya siku hiyo unaendelea kulindwa miaka 15 zaidi, hadi mwaka 2034. Mtoto aliyezaliwa siku mkataba unakufa atakuwa sekondari, na mkataba bado unauma. Hiyo nayo ni aina ya kifungu cha mpito, isipokuwa huyu aliyeandika alikuwa anamfikiria mwekezaji wake.

Ningekuwa na sauti ningefuata njia ya Afrika Kusini kwa sehemu. Wao hawakuwahi kuwa wanachama wa ICSID. Walikaa chini wakaipitia mikataba yao, wakaanza kuikomesha mmoja mmoja kadiri muda wake ulivyofika, kisha mwaka 2015 wakatunga sheria yao ya kulinda uwekezaji inayomtaka mwekezaji aanzie kwenye vyombo vya ndani. Walipigiwa kelele, lakini kila hatua ilikuwa na tarehe na notisi. Kwetu kunahitajika mtu wa kuorodhesha kila mkataba tulio nao, siku unaoisha, siku ya mwisho ya kutoa notisi usijihuishe wenyewe, na muda wa mkia wake, yaani miaka unayoendelea kuuma baada ya kukoma. Hiyo ni kazi ya miezi michache kwa vijana watano wa mwaka wa tatu wenye mwalimu mkali. Ifanyeni kama utafiti wenu wa kumaliza chuo, mtakuwa mmeisaidia nchi kuliko makala kumi za malalamiko.

Wakili mwenzangu kwa umri, nimefanya kazi mgodini miaka mingi na sasa nimestaafu, niko Kahama. Makinikia nimeyapakia kwa mikono hii. Mwaka 2017 tulishangilia yalipozuiwa. Mwaka 2020 yakaruhusiwa tena kutoka. Indonesia wao walizuia nikeli ghafi na leo wana viwanda. Je, sisi tuliogopa? – Mstaafu, Kahama

Salaam, mzee mwenzangu. Wewe uliyeyapakia unajua kuliko mimi makinikia ni kitu gani, lakini wapo wasomaji wanaodhani ni mchanga wa kawaida. Mwamba unasagwa hadi kuwa unga, unachanganywa na maji na dawa, povu linapanda juu likiwa limebeba chembe za madini, na lile povu likikaushwa ndilo linakuwa unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha ndani yake, pamoja na salfa nyingi. Dhahabu ile haitoki kwa njia za kawaida za kuchenjua. Inahitaji tanuru la kuyeyushia shaba.

Na hapa nchini tanuru la namna hiyo halikuwepo. Marufuku ya Machi 2017 ilizuia makontena yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam, yale 277 yaliyochunguzwa na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma. Ikafuata kamati ya Profesa Nehemiah Osoro iliyoangalia upande wa uchumi na sheria. Acacia, kampuni yenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalikotoka makinikia hayo, ikadaiwa kodi, riba na faini zilizofika dola bilioni 190. Miswada ya sheria mpya za maliasili ikaingia bungeni kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni 2017, na mapema Julai ikawa imepita. Ilichukua hadi Januari 2020 kumaliza mgogoro, na wakati huo Barrick ya Kanada ilikuwa imeinunua Acacia yote. Matokeo: dola milioni 300 za kumaliza madai, kampuni ya ubia ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16, ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na makinikia kuruhusiwa kusafirishwa.

Umeniuliza kama tuliogopa. Sioni woga pale. Naona nchi iliyoshinda jambo moja kubwa na ikakosa jingine. Tulichoshinda ni zile hisa za asilimia 16. Kabla ya 2017 Serikali ilikuwa inasubiri mrabaha na kodi ya mapato, na kodi ya mapato kampuni ikijitangazia hasara haiji. Sasa sheria inataka Serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, hisa ambazo haizilipii na ambazo hazipungui hata kampuni ikiongeza mtaji. Mwenye hisa anaingia kwenye bodi, anaona vitabu. Mrabaha wa dhahabu nao ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Hayo ni mambo makubwa, na yasingepatikana kwa upole.

Tulichokosa ni kiwanda, na marufuku peke yake isingekileta. Tanuru la shaba linataka mzigo mwingi usiokatika, usiku na mchana, miaka na miaka. Bulyanhulu na Buzwagi kwa pamoja ni migodi ya dhahabu ambayo shaba yake ni ya pembeni. Buzwagi yenyewe uchimbaji wake umekwisha. Ungelijenga tanuru pale Kahama, ungelilisha nini?

Njoo sasa Indonesia. Ni kweli walifunga nikeli ghafi Januari 2020, na leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka kwao. Umoja wa Ulaya uliwashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na Novemba 2022 jopo likaamua kwamba marufuku ile inavunja ibara ya 11 ya mkataba wa biashara wa GATT, inayokataza kuzuia bidhaa zisitoke nje. Indonesia ikakata rufaa. Rufaa hiyo haina wa kuisikiliza, kwa sababu tangu Desemba 2019 Baraza la Rufaa la shirika hilo halina waamuzi wa kutosha, Marekani ikiwa imekataa kuidhinisha wapya. Basi kesi imening'inia na viwanda vinafanya kazi. Watu wengi wanachukua hapo fundisho kwamba sheria za biashara za kimataifa zimekufa, kila mtu afanye lake. Mimi nalikataa fundisho hilo. Nchi kubwa zinaweza kuishi bila mwamuzi. Sisi tunaouza korosho, parachichi na dhahabu kwa wenye nguvu kuliko sisi ndio wa kwanza kuumia mwamuzi akiondoka uwanjani.

Kinachonivutia kwa Indonesia ni kitu ambacho wengi hawakitaji. Sheria yao ya madini ya mwaka 2009 iliwaambia wachimbaji kwamba baada ya miaka mitano madini ghafi hayatatoka. Mwaka 2014 wakafunga kweli. Mwaka 2017 wakalegeza, kisha 2020 wakakaza tena. Mwekezaji wa Kichina aliyejenga pale Sulawesi alikuwa ameona tarehe kwenye sheria kabla hajapeleka saruji. Na tusisahau wana uzito: wao ndio wenye akiba kubwa ya nikeli kuliko nchi yoyote. Wakifunga mlango, dunia nzima inasikia. Sisi tukifunga shaba yetu, Chile haitajua kama kuna kitu kimetokea. Uzuri wao pia una gharama ya misitu iliyokatwa na mitambo ya makaa ya mawe, na hiyo usiitamani.

Kwa hiyo naelekeza macho kwenye mradi wa nikeli wa Kabanga, kule Ngara. Makubaliano ya Januari 2021 yaliweka asilimia 16 za Serikali na kiwanda cha kusafishia nikeli hapohapo kwenu Kahama, kwenye eneo la Buzwagi. Huo ndio mtihani wetu halisi, na sehemu kubwa ya mtihani ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini liko Rufiji. Kiwanda kinataka umeme usiotikisika Kahama. Wewe uliye huko, kila mbunge wako anapokuja muulize kuhusu njia ya umeme. Kuhusu kifusi na mchanga ameulizwa vya kutosha.

Wakili, mke wangu ni Mkenya. Tuna ndoa na watoto wawili, na ana saluni hapa Arusha yenye leseni kwa jina lake. Tangu lile tangazo la Julai 2025 majirani wa biashara wanamwambia afunge. Kama tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, inakuwaje yeye awe mgeni? – Mume, Arusha

Pole kwa wasiwasi, na mpe shemeji salamu zangu. Nianze na la kufanya.

Amri ya tarehe 28 Julai 2025, iliyotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, inataja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Saluni imo, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au inayohudumia utalii. Imo pia miamala ya fedha kwa simu, ufundi wa simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na mengineyo. "Asiye raia" ni yeyote asiye Mtanzania, na Mkenya hakutengwa. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Lakini amri hiyo inasema mwenye leseni halali aendelee hadi leseni yake itakapoisha. Ishusheni leseni ukutani mtazame tarehe. Ikiwa haijafika, hakuna jirani mwenye mamlaka ya kumfungia mlango, na akija ofisa mwonyesheni leseni na kifungu hicho kwa heshima. Naipongeza Serikali kwa kukiweka. Kingekuwepo mwaka 2018, mwalimu wa Nachingwea asingeniandikia.

Baada ya tarehe hiyo leseni haitahuishwa, basi anzeni mapema. Sheria yetu ya Uraia inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa tajnisi, yaani uraia ambao mtu hakuzaliwa nao, wakati wowote wa uhai wa mumewe. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo atalazimika kuuacha wa Kenya, na hilo ni jambo la kuzungumza naye kwa utulivu bila kumsukuma. Njia nyingine ni saluni kuwa yako kweli: leseni, mkataba wa pango na hesabu za kodi kwa jina lako, naye awe na kibali cha kazi kinachomruhusu kuwa pale. Msije mkaandika jina lako juu na chini mambo yakabaki yaleyale. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye anashtakiwa, faini shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi mitatu.

Sasa swali lako la pili, ambalo ni zito. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kujiimarisha kibiashara katika nchi mwenzake bila kubaguliwa kwa uraia, kwa kufuata ratiba ambazo nchi zenyewe zilikubaliana. Kenya ililalamika kwa msingi huo, na kisheria lalamiko lile lina uzito. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapohapo Arusha kwenu, na mtu binafsi anaruhusiwa kuiendea, ingawa ana miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au akijue. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliiambia Uganda, katika kesi ya wakili Mkenya Samuel Mohochi aliyezuiwa kuingia Entebbe, kwamba mamlaka ya nchi kumkatalia mgeni hayako huru pale ambapo nchi imekwisha kuahidi vingine katika Jumuiya. Hukumu ile inatuhusu sisi kama inavyowahusu Waganda.

Nawaelewa wafanyabiashara wa Kariakoo waliopiga kelele hadi amri hii ikatoka. Mtu anayeuza mtandio hawezi kushindana na mwenye kiwanda ng'ambo anayekuja kuuza rejareja mlangoni kwake. Na Kenya nao wana yao: Machi 2021 walifunga mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, wakafungua baada ya siku chache kwa masharti. Lakini mfanyabiashara mkubwa wa kutoka mbali na msusi aliyezaa watoto wa Kitanzania wamewekwa kwenye mstari mmoja, na mstari huo ungeweza kuandikwa upya kwa sentensi moja inayowatambua raia wa Jumuiya kwa kadiri ya Itifaki. Naandika hapa nikitumaini kwamba walio wizarani wanasoma.

Wakili, mimi ni mchimbaji mdogo, Chunya. Nina PML yangu, yaani leseni ndogo ya uchimbaji. Kuna Mchina ameleta mashine na anataka tuandikiane kwamba yeye anachukua asilimia 70 ya mzigo na mimi natulia nyumbani. Nisaini? – Mchimbaji, Chunya

Hapana, usisaini hiyo.

Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake, na uchimbaji mdogo umo katika zile biashara 15. Ukitulia nyumbani huku yeye anachimba, anauza na kukupa chako, wewe umekodisha uraia wako. Likigundulika, yeye atapanda ndege na wewe utabaki na faini, na leseni yako itakuwa hatarini.

Msaada wa kiufundi kutoka kwa mgeni unawezekana, ila uombewe idhini na mkataba uletwe Tume ya Madini. Nenda Ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapo Chunya ukiwa na rasimu, kabla ya saini. Hakikisha inaonyesha kwamba msimamizi wa eneo ni wewe, dhahabu inapelekwa soko la madini kwa jina lako na risiti zinakaa kwako, na mashine ni za nani siku mkataba ukivunjika. Uandikwe pia itakuwaje kama yeye ameondoka na wewe una shimo lililoachwa wazi, maana Serikali itamdai mwenye leseni. Rasimu iwe kwa Kiswahili, uisome mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukiwa tayari nitumie nakala, nitaisoma bila malipo.